Mafuta ya Kupaka Yanapochacha: Namna ya Kukinga Vipodozi vya Nyumbani

Mafuta ya mimea huanza kuzeeka tangu saa yanapokamuliwa kutoka kwenye mbegu au tunda. Kwa wiki au miezi kadhaa hakuna kinachoonekana: rangi ni ileile, harufu ni ileile, na ngozi huyapokea vilevile. Kisha siku moja kopo hufunguliwa na kutoa harufu ya karanga za zamani, ya rangi ya kupakia milango, au ya penseli za nta za watoto. Hapo mafuta yamekwisha kuchacha. Mtengenezaji wa nyumbani aliyenunua siagi ya shea kwa bei kubwa, au aliyekesha akichuja mafuta ya nazi, hupoteza kopo zima. Kama anauza, hupoteza pia mteja, na mara nyingi mteja huyo haelezi kwa nini ameacha kununua.

Ukimya huo wa mwanzo na uharibifu wa ghafla unaoufuata vimejulikana kwa zaidi ya karne mbili. Mwaka 1820 mwanasayansi wa Uswisi, Théodore de Saussure, alitandaza mafuta ya jozi juu ya maji na kupima oksijeni iliyonyonywa. Kwa miezi mingi mafuta yalinyonya kidogo sana. Halafu, katika siku chache za joto, yakaanza kunyonya kwa kasi kubwa, hata jumla ya oksijeni ikapita mara 100 ya ujazo wa mafuta yenyewe. Leo inafahamika kilichokuwa kikiendelea katika kipindi kile cha kimya: vikinga vya asili vilivyomo ndani ya mafuta vilikuwa vinatumika kimoja baada ya kingine. Vilipokwisha, uharibifu ulikosa kizuizi. Kazi yote ya kukinga kipodozi cha mafuta ni kurefusha kipindi hicho cha kimya, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kabla mafuta hayajafika kwenye sufuria ya kuchanganyia.

Mafuta yameundwa kwa asidi za mafuta, na kila asidi ni mnyororo mrefu wa kaboni. Minyororo ambayo viungo vyake vyote ni vya kawaida huitwa asidi zilizoshiba, nazo hutulia. Mingine ina kiungo maradufu kimoja au zaidi, na jirani na kiungo hicho ndipo oksijeni hupata mwanya. Mwanga, joto au chembe ya madini huchomoa atomi moja ya haidrojeni kwenye mnyororo. Kinachobaki ni radikali huru, ambayo hudaka oksijeni papo hapo, na iliyodaka oksijeni hupora haidrojeni ya mnyororo wa jirani na kuwa peroksidi. Jirani aliyeporwa naye huenda kupora kwingine. Peroksidi hizo hazina harufu. Ni pale zinapovunjika ndipo hutoka aldehidi na ketoni, vipande vyepesi vinavyoruka hewani na kufika puani. Kwa hiyo pua hupata habari kwa kuchelewa: mafuta yanayoanza kunuka yamekuwa yakiharibika kwa muda mrefu.

Idadi ya viungo maradufu ndiyo inayoamua mafuta gani yatadumu. Asidi ya oleiki ina kiungo maradufu kimoja. Asidi ya linoleiki ina viwili, na huoksidika takriban mara 10 kwa kasi zaidi ya oleiki. Asidi ya linoleniki ina vitatu, na kasi yake ni karibu mara mbili ya linoleiki. Mtu akizishika namba hizi anaweza kuitazama rafu ya mafuta na kukisia umri wa kila chupa bila kusoma tangazo lolote.

Mafuta ya nazi yana asidi zilizoshiba kwa takriban asilimia 90, karibu nusu yake ikiwa asidi ya lauriki, na ndiyo sababu oksijeni huyapata kwa shida. Mafuta ya nyonyo, ambayo wengine huyaita ya mbarika, yana asidi ya risinoleiki kwa karibu asilimia 90, yenye kiungo maradufu kimoja tu, nayo hudumu vizuri. Mafuta ya mlonge yana oleiki kwa takriban asilimia 70 na ni miongoni mwa mafuta ya maji yanayostahimili muda mrefu kabisa. Yanastahili kutumiwa zaidi ya yanavyotumiwa sasa. Parachichi nayo ina oleiki nyingi. Siagi ya shea ina oleiki pamoja na asidi ya steariki iliyoshiba. Ile ya kaskazini mwa Uganda na Sudani Kusini ni laini kuliko ya Afrika Magharibi kwa sababu oleiki yake ni nyingi zaidi. Mafuta ya mbegu za ubuyu yako katikati, yakiwa na oleiki na linoleiki zinazokaribiana. Upande wa dhaifu kuna mafuta ya kawaida ya alizeti, ambayo mara nyingi yana linoleiki ipatayo asilimia 60, na mafuta ya habasoda yanayofanana nayo kwa hilo. Mafuta ya mbegu za kitani, yenye linoleniki kwa zaidi ya nusu, hukauka kabisa hewani. Ndiyo maana wachoraji wameyachanganya na rangi kwa karne nyingi, na ndiyo maana hayafai kukaa ndani ya kopo la kupaka mwilini.

Ufuta unahitaji maelezo yake peke yake. Kwa hesabu ya asidi, mafuta ya ufuta yangepaswa kuchacha haraka, maana linoleiki yake inazidi asilimia 40. Hata hivyo hudumu kuliko mafuta mengi yenye asidi za namna hiyo. Siri yake ni sesamini na sesamolini, kemikali za asili za mbegu hiyo. Mbegu zikikaangwa, sesamolini hubadilika kuwa sesamoli, ambayo ni kikinga kikali. Mtengenezaji anayetaka mafuta ya bei nafuu, mepesi kwenye ngozi na yenye ulinzi wake wa kuzaliwa hana sababu ya kuagiza chupa kutoka ng'ambo wakati ufuta unalimwa Lindi na Mtwara.

Kosa la kawaida katika mapishi ya vipodozi ni kudhani kwamba mafuta imara yatayabeba yale dhaifu. Mambo huenda kinyume. Mchanganyiko wa nazi robo tatu na habasoda robo hautadumu kama nazi. Habasoda itaanza kuoksidika kwa ratiba yake, harufu yake itatawala kopo lote, na radikali zake zitaharakisha hata zile asidi chache za nazi zinazoweza kuguswa. Umri wa kipodozi ufuate mafuta yaliyo dhaifu kuliko yote ndani yake. Anayeyapenda mafuta laini ya aina hiyo kwa faida zake za ngozi ayatengeneze kwa kiasi cha kutumika ndani ya wiki chache.

Hata mafuta imara yana njia ya pili ya kuharibika, na njia hiyo ni maji. Maji yakibaki ndani ya mafuta, pamoja na vimeng'enya vya mmea wenyewe au vya bakteria na ukungu, huyavunja mafuta na kuziacha asidi zake zikiwa huru. Katika siagi ya maziwa, asidi hizo ndizo zenye ule ukali unaotambulika mara moja. Katika mafuta ya nazi, asidi ya lauriki iliyoachwa huru huleta harufu na ladha ya sabuni, na ukungu ukiingia huibadilisha harufu hiyo kuwa nzito zaidi. Mafuta ya nazi ya nyumbani yakiharibika, karibu kila mara mshitakiwa ni maji kuliko oksijeni. Hili halisemwi vya kutosha, na wengi hutumia fedha kununua vitamini E kutibu tatizo ambalo vitamini E hailigusi.

Njia ya zamani ya pwani ya kutengeneza mafuta ya nazi ina jibu ndani yake. Nazi hukunwa kwa mbuzi, tui zito hukamuliwa, chicha hutengwa, na tui hupikwa kwa moto wa polepole hadi maji yakauke na mafuta yaelee juu ya masalia ya rangi ya kahawia. Wapishi wenye uzoefu husikiliza sufuria. Maji yakiwa bado yamo, mafuta huchemka kwa mapovu na kutoa mlio wa kupasuka-pasuka. Mlio ukikoma na mapovu yakiisha, maji yameondoka. Anayeyaepua mapema kwa kuogopa rangi kukolea hubaki na mafuta mazuri kwa macho, lakini yenye maji yasiyoonekana. Namna rahisi ya kuhakiki ni kudondosha tone kwenye kikaango chenye moto: likirukaruka na kulia, bado. Baada ya hapo mafuta huchujwa kwa kitambaa safi kilichokauka, huachwa yatulie siku moja au mbili mahali pa joto yasigande, kisha sehemu ya juu humiminwa taratibu na mashapo huachwa chini. Mashapo hayo yana protini, sukari na unyevu, na ndiyo chakula cha ukungu. Tone la mwisho la chupa halifai kugombaniwa.

Siku hizi mafuta ya nazi yaliyopikwa hudharauliwa mbele ya yale yanayotengwa kwa baridi, kwa kulilaza tui hadi mafuta yajitenge yenyewe. Dharau hiyo haina msingi mkubwa. Watafiti wa Sri Lanka wameonyesha kwamba mafuta ya nazi yaliyotolewa kwa moto hubeba fenoli nyingi zaidi kuliko yaliyotolewa kwa baridi, na fenoli ni vikinga dhidi ya oksijeni. Yale ya baridi yana harufu nyororo na weupe unaopendwa, ila hubaki na unyevu kwa urahisi zaidi, na huhitaji kuchujwa kwa makini au kupashwa moto mdogo mwishoni.

Tatizo la maji huwa kubwa zaidi kwenye mafuta ya kulowekea mimea. Mafuta ya karoti ni mfano unaojulikana katika kila mtaa: karoti mbichi hukwanguliwa, hutiwa kwenye mafuta na kupashwa moto, kisha huchujwa. Karoti ina maji kwa karibu asilimia 88. Mpishi asipofikisha moto hadi maji yote yatoke, chupa huwa na tabaka la ukungu kabla ya mwezi kwisha. Dawa ni kukausha kwanza. Karoti hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa kivulini penye upepo, au kwenye oveni ya moto mdogo, hadi zivunjike kwa sauti zinapokunjwa. Majani ya mwarobaini, maua ya asumini, mchaichai na tangawizi hufuata kanuni hiyohiyo. Asumini hupoteza sehemu ya harufu ikikaushwa, kwa hiyo anayeitumia mbichi ayaache maua yanyauke usiku mmoja, ayaloweke kwa siku moja tu, na ayatenge mafuta na maji yaliyojikusanya chini kabla hayajahifadhiwa. Ute wa shubiri, asali, mtindi, kiini cha yai na maji ya vitunguu havina nafasi ndani ya kopo la mafuta linalokusudiwa kukaa. Vichanganywe kiganjani wakati wa kupaka, na kitakachobaki kitupwe siku hiyo.

Nta ya nyuki, inayotumika kuimarisha mafuta ya midomo, yenyewe haichachi kwa urahisi. Lakini nta mbichi kutoka kwa warina asali wa Tabora au kwingineko hubeba matone ya asali na uchafu wa mzinga. Iyeyushwe juu ya maji ya moto, ichujwe, iachwe igande, kisha upande wake wa chini ukwanguliwe na kipande kikaushwe kabisa kabla ya kutumika.

Mwanga ni adui anayekaribishwa kwa mikono miwili. Katika barabara za Singida na Dodoma, mafuta ya alizeti hupangwa pembeni katika chupa angavu yakimeremeta juani, na mng'ao huo ndio unaomvuta mnunuzi. Alizeti, yenye linoleiki nyingi, ikipigwa na jua siku baada ya siku huwa imekwisha kutumia vikinga vyake kabla haijafika nyumbani. Muuzaji mwenye busara huweka chupa moja ya maonyesho mbele na kuficha nyingine ndani ya boksi kivulini. Mnunuzi mwenye busara huomba zile za ndani ya boksi. Mafuta ya kijani huumia zaidi. Mafuta ya parachichi yasiyosafishwa, na ya zeituni, yana klorofili, ambayo ikipigwa na mwanga huibadilisha oksijeni ya kawaida kuwa oksijeni yenye nishati kubwa, inayoshambulia asidi ya linoleiki kwa kasi inayozidi ile ya kawaida mara 1,000. Gizani, klorofili hiyo haina madhara ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo mtindo unaoenea wa kuloweka mimea ndani ya chupa ya kioo angavu na kuiweka dirishani juani kwa wiki sita haupaswi kufuatwa. Kinachotakiwa na mmea ni uvuguvugu, na uvuguvugu unapatikana kwa kuifunika chupa na karatasi nzito au kuiweka kwenye sufuria ya maji ya moto kwa saa chache.

Joto huongeza kasi kwa kipimo kinachokadirika: takriban mara mbili kwa kila nyuzi 10 za sentigredi. Chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari hufika nyuzi 32 bila taabu, na chini ya bati lisilo na dari huzidi hapo. Friji ya nyuzi 4 huipunguza kasi hiyo hadi karibu sehemu moja ya saba. Anayeishi Njombe au Limuru amepewa na hali ya hewa sehemu ya faida hiyo bila malipo. Friji ina masharti yake, hata hivyo. Chupa ikitoka kwenye baridi na kufunguliwa papo hapo, mvuke wa hewa hugeuka matone kwenye shingo yake na kuingia ndani. Iachwe kwanza ipate joto la chumba ikiwa imefungwa. Siagi ya shea iliyoyeyuka na kuganda polepole hufanya chembechembe kama mchanga, na wengi huitupa wakidhani imeharibika. Hizo ni asidi zake zinazoganda kwa nyakati tofauti. Ikiyeyushwa tena taratibu na kupozwa haraka hurudi kuwa laini.

Madini ya shaba na chuma hufanya kazi kwa viwango vidogo mno. Sufuria ya shaba, kijiko chenye kutu, au kisu kilichochubuka vinatosha kuacha chembe zitakazovunja peroksidi na kuzalisha radikali mpya kwa miezi. Vyombo vya kufanyia kazi viwe vya kioo, vya chuma kisichoshika kutu au vya enameli isiyobanduka.

Baada ya haya yote ndipo inafaa kuzungumza kuhusu antioksidanti (vikinga dhidi ya oksijeni) za kuongeza, ambazo watu wengi huanza nazo. Iliyo maarufu ni vitamini E, iliyogunduliwa mwaka 1922 na Herbert Evans na Katharine Bishop huko California, na baadaye kupewa jina la tokoferoli. Tokoferoli huipa radikali huru haidrojeni yake yenyewe na kuukata mnyororo wa uporaji, kisha hubaki imetulia. Kila molekuli inayofanya hivyo imekwisha kutumika. Kwa hiyo tokoferoli huchelewesha kuchacha na haiwezi kukurudisha nyuma. Mafuta yaliyokwisha kunuka hayaponi kwa kuongezewa vitamini. Itiwe mapema, mara tu mafuta mapya yanapofika au yanapomaliza kuchujwa. Gramu 1 au 2 kwa kilo moja ya mafuta kwa kawaida hutosha. Kuongeza sana hakuongezi ulinzi, na tokoferoli ya aina ya alfa ikizidi inaweza hata kuchochea uoksidishaji. Mchanganyiko wa tokoferoli za aina mbalimbali hukinga mafuta vizuri kuliko alfa peke yake.

Hapa kuna mtego unaowapotezea watengenezaji fedha nyingi. Vidonge vya vitamini E vya duka la dawa, vile laini vinavyotobolewa kwa sindano, mara nyingi huwa na asetati ya tokoferoli. Umbo hilo limefungwa mahali penye haidrojeni inayohitajika. Ngozi na utumbo vina vimeng'enya vya kulifungua, lakini kopo la mafuta halina. Asetati inaweza kuwa na manufaa kwenye ngozi, ila haiyakingi mafuta yaliyo ndani ya chupa. Lebo isomwe: inayofaa imeandikwa tokoferoli bila asetati, na huuzwa kama kimiminika kizito cha rangi ya kahawia na wauzaji wa malighafi za vipodozi.

Dondoo la rozimari, lenye asidi ya kanosiki, ni kikinga kizuri kingine, na halipaswi kuchanganywa na mafuta ya kunukia ya rozimari, ambayo hutoa harufu tu. Kiasi chake hutegemea ukali wa dondoo na hufuata maelekezo ya aliyelitengeneza. Karafuu za Pemba na Unguja zina yujinoli, ambayo kweli hukinga mafuta. Lakini yujinoli huwasha ngozi na huweza kuleta mzio, kwa hiyo kiasi kinachovumilika ni kidogo mno kuweza kutegemewa kama kinga pekee. Mafuta ya ufuta yakiwa sehemu ya mchanganyiko huongeza uimara bila hatari hiyo. Viwandani hutumika antioksidanti ya kutengenezwa iitwayo BHT, ambayo ni rahisi na hufanya kazi kwa kiasi kidogo sana, ingawa wanunuzi wengi wa bidhaa za asili hawaipendi.

Antioksidanti haiui bakteria wala ukungu. Kipodozi kisicho na tone la maji kinaweza kuishi na antioksidanti peke yake. Losheni au krimu yenye maji, hata maji ya waridi, huhitaji kihifadhi halisi cha kuzuia vijidudu, na vitamini E haiwezi kushika nafasi hiyo, wala rozimari, wala dondoo la mbegu za zabibu. Tangazo linalosema kinyume chake linahatarisha macho na vidonda vya watu. Kipodozi cha kusugulia mwili kilichotengenezwa kwa sukari na mafuta kiko mpakani: hutengenezwa kikiwa kikavu, kisha hupelekwa bafuni ambako mkono wenye maji huingia kila siku. Kiuzwe katika vikopo vidogo vya kutumika upesi au kitiwe kihifadhi.

Ununuzi wa malighafi unastahili umakini mkubwa kuliko kununua manukato. Swali la kumuuliza muuzaji ni lini mafuta yalikamuliwa, maana tarehe ya kujazwa kwenye chupa inaweza kuwa miezi mingi baadaye. Mbegu za zamani, zilizopasuka au zilizohifadhiwa kwenye unyevu hutoa mafuta yaliyokwisha kuanza safari. Mafuta yaliyosafishwa kiwandani yamepunguziwa asidi huru, madini na klorofili, lakini pia yamepoteza sehemu ya tokoferoli zake. Hayo hufaidika sana na nyongeza. Yale yaliyokamuliwa kwa baridi huja na ulinzi wake wote pamoja na uchafu wake wote.

Oksijeni huyeyuka ndani ya mafuta kwa wingi kuliko ndani ya maji, na hewa iliyobaki juu ya mafuta kwenye chupa ni ghala lake. Chupa ijazwe karibu na shingo. Lita moja ikigawanywa katika chupa kumi ndogo hudumu zaidi ya lita moja ndani ya chupa moja inayofunguliwa kila asubuhi. Kioo cheusi au cha rangi ya kahawia ndicho bora. Plastiki ngumu angavu ya chupa za maji huzuia oksijeni kuliko plastiki ya madumu, ila haizuii mwanga. Siagi ya shea iliyopigwa kwa mashine hadi ikaumuka kama krimu ya keki hupendeza machoni, nayo imejazwa hewa kila upande. Hiyo itengenezwe kidogo kidogo, kwa mafuta imara, na ikingwe kwa tokoferoli bila kujadiliana.

Kujazia mafuta mapya juu ya ya zamani ni desturi ya kuokoa inayoharibu. Utando uliobaki kwenye dumu lililokuwa na mafuta ya kupikia una peroksidi tayari, na peroksidi hizo huanzisha mnyororo ndani ya mafuta mapya siku ya kwanza. Chombo kinachorudiwa kioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kisuuzwe, na kikaushwe hadi ndani. Kofia na nyuzi za mdomo wa chupa zisisahauliwe. Kama harufu ya zamani bado inasikika kwenye plastiki, chombo hicho kimalize maisha yake kwa kazi nyingine.

Dalili za kuchacha huchunguzwa kwa kusugua tone kati ya viganja hadi lipate joto, kisha kunusa. Ulinganisho ni muhimu, kwa sababu pua inayonusa kopo moja kila siku huzoea. Kila awamu inapotengenezwa, kichupa kidogo kitengwe, kiandikwe tarehe na kuwekwa kwenye friji, ili kiwe shahidi wa harufu ya mwanzo. Kichupa cha pili kikiwekwa mahali pa joto karibu na jiko hutangulia kuharibika na kumwonya mtengenezaji kabla ya mteja. Manukato makali huficha dalili hizi bila kuziondoa, na ni vizuri sampuli hizo ziachwe bila manukato. Anayeuza kwa wingi anaweza kupeleka sampuli maabara kupimwa kiwango cha peroksidi. Kwa mafuta ya kula, Codex Alimentarius, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, imeweka ukomo wa miliekwivalenti 10 za oksijeni kwa kilo kwa yaliyosafishwa na 15 kwa yaliyokamuliwa kwa baridi, na ni kipimo kizuri cha kukagulia malighafi ya vipodozi. Kipimo kimoja hakitoshi kwa mafuta ya zamani: peroksidi hupanda, kisha hushuka zinapovunjika, na mafuta yaliyochacha kabisa yanaweza kuonyesha namba ndogo.

Lebo ya bidhaa inayouzwa inahitaji tarehe ya kutengenezwa, mwisho wa matumizi na orodha ya viambato. Nchini Tanzania usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019 ulipohamishwa kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, na nchini Kenya viwango vya vipodozi huwekwa na shirika la viwango la huko, KEBS. Alama ya kopo lililo wazi yenye namba kama 6M au 12M humweleza mtumiaji miezi ya kutumia baada ya kufungua. Kwa mafuta ya nyumbani yenye alizeti au habasoda, miezi mitatu ni ahadi ya kweli. Kwa mafuta ya nazi yasiyo na maji, ya mlonge au ya nyonyo, mwaka mmoja unawezekana endapo mengine yote yamezingatiwa.

Mafuta yaliyochacha hayapakwi. Aldehidi na peroksidi zake huweza kuwasha ngozi, hasa ya watoto na ya wenye ukurutu. Mafuta ya kunukia ya machungwa, limau na lavenda yakioksidika huzalisha vitu vinavyojulikana kusababisha mzio wa ngozi, kwa hiyo nayo yawekewe tarehe na kutunzwa kwenye baridi na giza. Kuyageuza mafuta mabovu kuwa sabuni hakusaidii, maana sabuni hiyo hutoka madoa ya rangi ya chungwa na harufu ileile hurudi. Matumizi yanayobaki ni kulainisha bawaba za milango na kukinga majembe dhidi ya kutu. Matambara yaliyolowa mafuta ya kukauka kama ya kitani yatandazwe nje yakauke au yalowekwe majini kabla ya kutupwa, kwa sababu yakirundikwa hujizalishia joto na yanaweza kuwaka moto yenyewe.